Mbwa akikaa miezi 14 bila kukuona, anajua ni miezi 14 ama kwake ni kama ulitoka dukani?

#1 KijanaWaKiamunyi (Jumamosi)
Wadau hamjambo. Kuna swali linanisumbua tangu Jumatano na hapa nyumbani kila mtu ana jibu lake.

Tuko na mbwa anaitwa Bosco. Si wa kizungu, ni koko tu wa rangi ya udongo, alizaliwa hapa Kiamunyi nyuma ya jikoni. Mwaka jana nilienda Kisumu kibarua cha ujenzi nikakaa miezi 14 bila kukanyaga Nakuru hata siku moja. Nimerudi Jumatano. Nilipofungua geti alikuja mbio akibweka kama anafukuza mwizi, manyoya ya mgongo yamesimama, na upepo ulikuwa unatoka kwake unakuja kwangu. Sikumuita. Nilichutama tu nikanyoosha mkono. Akasimama kama hatua tatu hivi, akazunguka akaja nyuma yangu, akanusa kisigino, akapanda na pua mpaka kwa goti la kushoto penye nilishonwa nikiwa darasa la sita. Hapo kwa goti akanyamaza. Halafu akatoa sauti sijawahi kumsikia nayo, si kubweka si kulia, kama bawaba ya mlango inayotaka mafuta, akajikojolea, akaniangukia mzima mzima. Mathe alitoka na mwiko mkononi akidhani mbwa ameumizwa.

Sasa, kwamba amenikumbuka hilo sina shida nalo. Swali langu ni, anajua nilikuwa mbali miezi 14? Ama kwake ni kama nilienda kununua mkate nikarudi? Juu huyu huyu Bosco anajua saa kuliko sisi wote. Mathe anauza mboga sokoni, anafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, na kila siku saa kumi na moja na dakika arobaini Bosco anaamka kwa gunia lake anaenda kulala kwa geti, kidevu kwa ile nafasi ya chini, pua iko nje barabarani. Jumapili mathe haendi soko na Bosco haendi geti. Sasa kama anajua dakika na anajua siku, miezi je? Inaniuma kufikiria labda alikuwa anahesabu.

#2 BodaKondele
Karibu nyumbani ndugu. Mbwa hasahau, hiyo futa kabisa. Kuna mbwa moja huku Mamboleo nilimgonga na pikipiki 2019, sikumuua, ni mguu wa nyuma, nilisimama nikamfunga na kitambaa nikampeleka kwa mwenyewe nikalipa dawa. Tangu hiyo siku nikipita ananifukuza mpaka darajani na pikipiki za wenzangu anaziangalia tu. Nimebadilisha pikipiki kutoka nyekundu mpaka nyeusi, nimebadilisha helmeti, nimebadilisha hata koti la mvua, bado. Ananifukuza na miguu mitatu. Kuhesabu kwake sijui lakini deni langu analo.

#3 MamaRex_Lanet
Miezi 14 mara saba ni kama miaka minane ya binadamu mwanangu. Ndio maana alijikojolea. Mwaka mmoja wa mbwa ni miaka saba, hiyo kila mtu anajua. Fikiria wewe ukae miaka minane hujamuona mtoto wako.

#4 DaktariMifugo_KSM
@MamaRex_Lanet hapo nakurekebisha kwa heshima mama. Hiyo hesabu ya saba ni ya uzee wa mwili, na hata huko haikai sawa. Mbwa wa mwaka mmoja anaweza kuzaa tayari, mtoto wa miaka saba hawezi, na majibwa makubwa huzeeka haraka kuliko madogo. Haisemi chochote kuhusu vile anauhisi muda ukipita.

Saa ya mwili wake ni ya masaa 24 kama yako, iko ndani ya ubongo na mwanga ndio unairekebisha kila siku. Hiyo peke yake inaweza kueleza saa kumi na moja na dakika arobaini. Pavlov kule Urusi aliona kwenye maabara yake ukimpa mbwa chakula kila baada ya nusu saa bila kengele bila taa, baada ya muda mate yanaanza kumtoka dakika ya 30 inapokaribia. Muda wenyewe umekuwa kengele.

Kuhusu kukaa mbali, kuna wanawake wawili wa chuo cha kilimo cha Sweden, Therese Rehn na Linda Keeling, mwaka 2011 waliwapima mbwa 12 wakiachwa peke yao nyumbani nusu saa, masaa mawili na masaa manne. Mwenyewe akirudi baada ya masaa mawili mbwa walimpokea kwa nguvu kuliko baada ya nusu saa. Lakini kati ya mawili na manne hakukuwa na tofauti.

#5 Njoro_77
basi jibu limepatikana, ikipita masaa mawili yote ni sawa, masaa mawili na miezi 14 ni kitu kimoja. kijana lala usingizi mbwa hakuhesabu

#6 DaktariMifugo_KSM
Sijasema hivyo @Njoro_77. Mapokezi kuwa sawa si lazima moyoni iwe sawa. Wewe ukimpokea mgeni aliyekaa mwezi na aliyekaa miaka miwili si utachinja kuku huyo huyo mmoja?

#7 Njoro_77
Wa miaka miwili achinjiwe mbuzi daktari

#8 MswahiliWaMilimani
Salaam. Mimi ni mtu wa Lamu, kazi ndiyo iliyonileta Kisumu, na naona hapa tunachanganya mambo matatu ambayo lugha yetu imeshayatenganisha. Kuna kutambua, kuna kukumbuka, na kuna kungoja. Bosco alimtambua kijana kwa pua, pale gotini. Hilo halina ubishi. Kukumbuka ni kule kurudi nyuma kwa fikira, kwamba siku ile tuliketi hapa, ukanipa mfupa. Na kungoja ni kutazama mbele. Mtu anaweza kutambua bila kukumbuka: wewe hukutani na mtu stendi ukajua kabisa unamjua na hujui ni wapi?

Kuna watafiti wa Budapest, Claudia Fugazza na wenzake, walitoa kazi yao 2016. Walifunza mbwa 17 kuiga anachofanya mtu wakiambiwa fanya kama mimi, kwa mfano kugusa mwavuli ulio chini. Kisha wakawabadilishia, mtu akifanya lolote wao walale tu, mpaka wakazoea hivyo. Halafu siku moja wakaambiwa ghafla fanya kama mimi, hali hawakutarajia kuulizwa. Wengi waliweza kuiga walichokiona, baada ya dakika moja na hata baada ya saa nzima, ingawa kadiri muda ulivyopita ndivyo walivyokosea zaidi. Yaani walikuwa wamekiweka tu kichwani bila kuagizwa. Hapo ndipo nami naona kuna kukumbuka.

Na @BodaKondele ni mbwa mmoja, si mbwa moja.

#9 BodaKondele
Sawa mwalimu, mbwa mmoja, lakini anafukuza kama watatu

#10 Mwanafunzi_Egerton
Nimesoma mpaka hapa na naona hakuna mtu ametaja pua vizuri. Kuna mtafiti Marekani anaitwa Alexandra Horowitz ana wazo kwamba mbwa anaweza kusoma muda kwa harufu. Mtu akitoka asubuhi harufu yake inabaki nyumbani nzito, halafu inapungua polepole, na kama kila siku anarudi ikiwa imefika kiwango fulani basi mbwa anajifunza kile kiwango. Yaani Bosco hajui ni saa kumi na moja na dakika arobaini, anajua mathe wako amebaki kidogo hivi hewani.

Na msidhani hiyo ni ndogo. Belfast walipima mwaka 2005 mbwa anahitaji nyayo ngapi ndio ajue mtu alikuwa anaelekea upande gani, ikawa nyayo tano. Tano tu! Wa kwanza na wa tano vimepishana sekunde chache na bado anaskia gani ni mzee gani ni mpya. Sasa huyo ukimwambia miezi 14 kwa shati lako la zamani kwa kabati atashindwa?

#11 Mwalimu_Maseno
Hoja ya pua ni nzuri ila tusiruke jua. Hapa Maseno ikweta inapita karibu na barabara kuu, watu hushuka kwa magari kupiga picha. Kisumu na Nakuru ziko chini yake kidogo tu. Kwetu mchana ni kama masaa kumi na mawili mwaka mzima, na jua huzama karibu wakati ule ule, tofauti haizidi kama nusu saa kati ya miezi. Ndiyo maana sisi wenyewe tunahesabu saa kutoka jua linapochomoza na hatupotei. Mbwa wa Sweden kwenye baridi jua linazama mchana, kiangazi usiku haufiki, kivuli hakimwambii kitu. Bosco akiona kivuli cha ukuta kimefika mahali fulani pale uani, hicho ni saa ya ukutani. Kijana hebu angalia hilo gunia lake liko wapi, kivuli cha jioni kinapita hapo?

#12 KijanaWaKiamunyi
Asanteni sana. @Mwalimu_Maseno gunia liko chini ya paa la mabati upande wa tangi, jioni jua linaingia pale kweli, linampiga usoni. Lakini mwezi huu kumekuwa na mawingu ya mvua kila jioni na bado anaenda.

#13 SojaWaUsiku
Mimi ni soja Nakuru hapa, godauni, miaka kumi na moja. Tuko na German Shepherd wawili na niliwahi ona kitu. Mbwa wetu walikuwa wanafunguliwa saa mbili usiku, na dakika kumi kabla wanasimama kwa mlango wa banda kimya bila mtu kuwaita. Sasa mnakumbuka ile lokdauni ya mwezi wa tatu 2021 Nakuru ilifungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos, kafyu ikaletwa saa mbili. Sisi ikabidi tuingie kazi saa kumi na mbili na mbwa wafunguliwe hiyo saa. Siku za kwanza tunafungua mlango wamelala ndani hawataki kutoka, unawavuta. Na wakishatoka, ikifika saa mbili kasoro dakika kumi walikuwa wanarudi kwa banda wanasimama kwa mlango UPANDE WA NJE wanaangalia ndani. Wamefunguliwa tayari na bado saa yao inawaambia sasa ni wakati wa kufunguliwa. Iliwachukua karibu wiki tatu kuacha. Kafyu ikalegezwa mwezi wa tano tukarudia masaa ya zamani, hapo siku mbili tu wakawa sawa. Mimi nasema saa ya zamani haikufutika, iliwekwa kando.

#14 NyarDunga
@SojaWaUsiku hiyo yako imenikumbusha mbwa wa Dunga bich, nimekulia hapo, mama anaanika omena. Omena huvuliwa usiku na taa, mwezi ukiwa mkubwa haiji vizuri kwa taa kwa hivyo mabouti mengi hayatoki. Sasa mbwa wa bich kila alfajiri wako kwa maji wanangoja zile zinaanguka kwa nyavu, lakini asubuhi za mwezi mkubwa hawaji, wanalala huko juu kwa vibanda. Nilikuwa nadhani wanahesabu mwezi mpaka baba akaniambia usiku wa mwezi mkubwa hawasikii injini zikitoka ndio maana.

Lakini basi nielezeni hii. Omena hufungwa Aprili mpaka mwisho wa Julai samaki wazaane. Wiki ya kwanza ya Aprili mbwa wanakuja kila asubuhi wanakaa wanaangalia ziwa. Wiki ya pili wanapungua. Mwezi wa tano hakuna hata mmoja. Miezi minne. Halafu Agosti moja, asubuhi ya KWANZA, wako pale wote kabla bouti la kwanza halijagusa mchanga, na wamekaa penye kila mmoja alikuwa anakaa, yule wa sikio limekatika kando ya mawe, yule mweupe kwa nguzo. Wasikie injini sawa. Lakini kile kiti cha kila mtu nani aliwawekea miezi minne?

#15 Omundu_wa_Mbale
Hii ya @NyarDunga imenipiga. Tungojee daktari.

#16 Kibao_Kitale
Kuna yule mbwa wa China alingoja mwenyewe miaka ishirini kwa kituo cha treni mpaka akafa, huyo alijua kuhesabu ama hakujua?

#17 MswahiliWaMilimani
Si China, ni Japani, na si miaka ishirini. Ni Hachiko, kituo cha Shibuya, Tokyo. Mwenyewe alikuwa Profesa Ueno wa Chuo Kikuu cha Tokyo, akafariki kazini Mei 1925, na mbwa akaendelea kwenda kituoni mpaka alipokufa tarehe 8 Machi 1935. Ni karibu miaka kumi. Na tazama, alikuwa akienda pale wakati wa treni ya jioni. Saa ya siku hakuikosa. Kama alijua ni mwaka wa pili au wa tisa, ni nani wa kusema.

#18 Njoro_77
wengine husema alikuwa anapewa chakula hapo stesheni na wauzaji

#19 MswahiliWaMilimani
Alipewa, ndiyo. Lakini mwanzoni kabla magazeti hayajamwandika alikuwa akifukuzwa na kupigwa pia, na alirudi. Chakula hakitoshi kueleza hilo.

#20 AntiNyamira
Hii ya Jumapili mimi naweza wajibu. Sisi ni Wasabato na mbwa wetu Tiger Jumamosi asubuhi anatangulia mbele yetu njia ya kanisa, siku zingine hata geti hatoki. Watoto wakawa wanasema Tiger ameokoka. Nilimchunguza. Ijumaa jioni tunapika kila kitu, Jumamosi asubuhi jiko haliwashwi, moshi hakuna, na viatu vyote vimepigwa rangi usiku vimepangwa mlangoni. Wiki moja shemeji yangu alifariki tukawa tunaenda matanga Jumatano, viatu vikapigwa rangi Jumanne usiku, na kukacha Tiger huyoooo njia ya kanisa peke yake. Tulimkuta amelala kwa ngazi za kanisa. Kwa hivyo siku hajui, anasoma nyumba. Kijana angalia nyumba yenu, kuna kitu Jumapili hakifanyiki.

#21 KijanaWaKiamunyi
@AntiNyamira pole kwa shemeji. Umenifungua macho. Jirani yetu ana kinu cha kusaga unga, kinanguruma mchana kutwa na anakizima kama saa kumi na moja na nusu. Jumapili hakiwashwi kabisa. Sikuwahi kufikiria hiyo maisha yangu yote.

Nimeongea na mathe, amekubali tufanye majaribio wiki hii. Kesho atachelewa makusudi mpaka saa mbili usiku. Keshokutwa tutajaribu ile ya harufu ya @Mwanafunzi_Egerton.

#22 Kukhu_wa_Webuye
Wajukuu mnazungusha sana. Mbwa anaona vitu sisi hatuoni. Baba ya watoto wangu alikufa hospitali saa nane usiku na mbwa nyumbani alianza kulia saa nane hiyo hiyo, simu ilikuja alfajiri. Wala hakuna harufu ilitoka hospitali mpaka Webuye. Mimi nilikuwa macho, nilimsikia na masikio yangu.

#23 Mwanafunzi_Egerton
Pole kukhu. Kuna Mwingereza anaitwa Rupert Sheldrake anasema kitu karibu na hicho, kwamba mbwa anajua mwenyewe akiamua tu kurudi nyumbani hata akiwa mbali. Alikuwa na mfano wa mbwa anaitwa Jaytee. Lakini Richard Wiseman na wenzake walimpima mbwa huyo huyo wakachapisha 1998 wakasema hawakuona huo uwezo, maana alikuwa anaenda dirishani mara nyingi kwa sababu nyingi. Sheldrake naye akasema ukiangalia namba zao zinafanana na zake.

#24 Kukhu_wa_Webuye
Mimi sina namba mjukuu. Niko na ile usiku.

#25 KijanaWaKiamunyi (Jumatatu usiku)
Ripoti. Nilikaa dirishani na simu nikiandika. Kinu kilizimwa saa kumi na moja na dakika thelathini na moja. Bosco aliamka saa kumi na moja na dakika arobaini na moja akaenda geti. Saa kumi na mbili ikapita. Kumi na mbili na robo akaanza kuinua kichwa kila gari likipita. Na nusu akarudi kwa gunia, akazunguka mara mbili, hakulala, akaenda tena. Hivyo mara nne. Chakula nilimwekea hakugusa. Saa mbili kasoro dakika tano, giza totoro, alisimama ghafla na mkia ukaanza, na boda ya mathe ilikuwa bado haijakata kona ya chini. Mimi sikuwa nasikia kitu chochote.

Yaani alijua AMECHELEWA. Hiyo ndio imenifanya nikose usingizi. Kama anajua masaa mawili ya kuchelewa, mimi wa miezi 14 alinifanyia nini siku za kwanza? Nimemuuliza mathe sasa hivi. Amesema siku nne za kwanza Bosco alikuwa analala kwa mlango wa chumba changu. Hakuwahi kuniambia kwa simu kwa sababu hakutaka nirudi kabla kazi haijaisha.

#26 MamaRex_Lanet
Nimesoma hiyo nikalia. Mama yako ni mama kweli.

#27 BodaKondele
Boda ni masikio hiyo, kila injini ina sauti yake na yeye anaijua ya huyo jamaa anamleta. Lakini ile ya siku nne kwa mlango sina la kusema.

#28 Mwalimu_Maseno
Wadau, Darwin mwenyewe alijaribu jambo hili. Alikuwa na mbwa mkali asiyependa wageni. Darwin akasafiri baharini, akarudi baada ya miaka mitano na siku mbili, akaenda karibu na zizi alipolala yule mbwa akamuita vile alikuwa anamuita zamani. Aliandika mwaka 1871 kwamba mbwa hakuonyesha furaha yoyote, alitoka tu akamfuata matembezini na kumtii kama vile waliachana nusu saa iliyopita. Kijana, hilo ndilo swali lako kabisa, na pale jibu linaonekana kuwa kwa mbwa yule miaka mitano ilikuwa nusu saa.

#29 SojaWaUsiku
Mwalimu na heshima zote, huyo wa Darwin hakujikojolea. Bosco alijikojolea na akaangukia mtu. Mbwa hawalingani.

#30 DaktariMifugo_KSM
Niongeze moja la kazi yangu. Mimi huenda vijijini na kikundi kuchanja kichaa cha mbwa, mpango wa kitaifa ulianza 2014 na lengo ni kikome 2030, Kisumu na Siaya zilikuwa kati ya kaunti za kwanza. Tunachanja mara moja kwa mwaka. Mwaka wa kwanza mbwa wanakuja wakitingisha mkia. Mwaka wa pili wengine wakiona tu lile sanduku la barafu la chanjo wanaingia kwa mahindi. Sindano ilichukua sekunde mbili, miezi 12 imepita, na sanduku bado wanalijua. Kwa hivyo @NyarDunga, mahali na kitu hukaa kichwani mwa mbwa muda mrefu sana. Urefu wenyewe wa muda ndio hakuna aliyeonyesha kwamba mbwa anaubeba kwa miezi.

Na kijana, Bosco amechanjwa?

#31 KijanaWaKiamunyi
Alichanjwa mwaka jana daktari, nitampeleka tena kabla sijatoka.

#32 MamaRex_Lanet
Daktari naomba niulize kando kidogo. Rex wangu ana miaka 13. Siku hizi anaamka usiku wa manane anatembea, mchana analala. Juzi nimemkuta amesimama kwa kona ya ukuta, uso umeangalia ukuta, kama amesahau vile watu hugeuka. Nikamgusa akanitazama vile mtu anatazama mgeni, halafu akanusa mkono akarudi kuwa Rex. Kama anapoteza saa na anapoteza nyumba, mimi bado ananijua?

#33 DaktariMifugo_KSM
Mama pole. Mbwa wakizeeka ubongo huchoka kama wa wazee wetu, usiku na mchana hubadilishana na wanakwama kwenye kona hivyo hivyo ulivyosema. Mpeleke aangaliwe macho na masikio pia, wakati mwingine ni haya. Usihamishe viti wala bakuli lake, mwachie taa ndogo usiku, chakula saa ile ile. Na ukimkaribia mpe mkono anuse kwanza. Umeona mwenyewe kwamba pua bado inakuleta kwake.

#34 MamaRex_Lanet
Asante daktari. Nitafanya hivyo leo.

#35 KijanaWaKiamunyi (Jumanne usiku)
Jaribio la pili. Asubuhi mathe alienda soko na kadigani yake ya kahawia, akafanya kazi nayo, mchana akaivua akaifunga kwa mfuko wa plastiki, binamu yangu akaileta saa tisa nikaitandaza kwa kiti cha sebuleni mlango wazi. Bosco aliingia, akanusa mikono yote miwili ya kadigani, akalala chini ya kiti. Kumi na moja na dakika arobaini ikafika. Hakuamka. Kumi na moja na dakika hamsini, hakuamka. Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu mathe alipogusa geti ndio aliruka.

#36 Mwanafunzi_Egerton
SI NILISEMA! Nyumba ilijaa harufu mpya ya mama, kiwango hakikushuka, saa ya pua ikasimama.

#37 AntiNyamira
Na kinu kilizimwa saa ngapi leo?

#38 KijanaWaKiamunyi
Anti umenishika. Stima ilipotea saa tisa na nusu mtaa mzima, kinu kilinyamaza hiyo saa mpaka jioni.

#39 AntiNyamira
Basi hamjapima kitu. Inawezekana alikuwa anangoja kinu kizimwe ndio aamke, na hakikuwahi kuzimwa saa yake.

#40 Mwanafunzi_Egerton
Rudia na stima ikiwepo tafadhali.

#41 Omundu_wa_Mbale
Na mimi nasema alilala juu ya harufu ya mama wa watu akatosheka, kama mtoto na leso. Haina saa wala kinu.

#42 KijanaWaKiamunyi
Wiki hii sitaweza kurudia, nimeitwa Kisumu tena, natoka Jumapili mchana. Safari hii nitarudi kila mwezi, nimeshamwambia fundi mkuu.

#43 NyarDunga
Ukifika pitia Dunga nikuonyeshe yule wa sikio limekatika.

#44 KijanaWaKiamunyi (Jumapili usiku)
Nimefika salama. Nilitoka nyumbani saa nane, nikamwachia fulana yangu kwa gunia. Mathe amenipigia sasa hivi. Anasema Bosco ameenda geti leo.

#45 SojaWaUsiku
Jumapili? Saa ngapi?

#46 KijanaWaKiamunyi
Saa kumi na moja na dakika arobaini. Kinu hakikuwashwa, mathe alikuwa nyumbani jikoni anapika, Bosco alimpita hapo hapo mlangoni. Na hajalala penye hulala kungoja mathe. Amelala upande ule mwingine, penye niliweka begi nikifunga kamba za viatu.

#47 Njoro_77
alikuona na begi huyo, mbwa anajua begi

#48 Mwalimu_Maseno
Begi lilitoka saa nane. Kwa nini asiende saa nane?

#49 Kukhu_wa_Webuye
Mwambie mama yako amwekee chakula hapo hapo getini, asimwite ndani. Na wewe piga simu kesho, saa hiyo.